Mikataba ya simu iandikwe kwa lugha ya mnunuzi

Ni bidhaa chache nchini Kenya zinazouzwa kwa Kiswahili kitamu kama simu ya mkono na huduma zake. Mtu akipita sokoni Muthara, katika eneo la Tigania Mashariki, atayaona maneno hayo kwenye kuta za maduka na miavuli ya mawakala: Sambaza, Okoa Jahazi, Tunukiwa, Fuliza, Lipa Mdogo Mdogo. Aliyeyachagua maneno haya aliijua lugha. Jahazi linalookolewa linamkumbusha msikilizaji hatari iliyoepukwa, na anayetunukiwa ni mtu aliyepewa zawadi, si mtu aliyenunua. Lakini mnunuzi huyo huyo akiomba kuonyeshwa masharti ya kile anachouziwa, mara nyingi lugha hubadilika ghafla. Jina ni la Kiswahili, masharti ni ya Kiingereza.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulijadili leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu. Kila mwaka wengi wao huniuliza ni kampuni gani yenye simu nafuu au vifurushi nafuu. Jibu langu ni kwamba swali la bei haliwezi kujibiwa vyema kabla ya swali la lugha. Asiyeelewa alichokubali hawezi kujua amelipa kiasi gani.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya 1999 simu ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, lile la Posta na Simu, na raia wa kawaida hakuwa na la kuchagua. Mwaka 2000 zikaingia kampuni mbili za simu za mkono, Safaricom na Kencell. Hii ya pili baadaye iliitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 inaitwa Airtel. Agosti 2010 Zain ilishusha ada ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na wapinzani wake wakalazimika kushusha zao. Aprili 2011 mteja aliruhusiwa kuhama kampuni bila kuiacha nambari yake. Aprili 2018 ikawezekana kutuma pesa moja kwa moja kutoka Airtel hadi Safaricom na kinyume chake. Kwa hivyo si kweli kwamba mnunuzi wa leo hana uchaguzi. Uchaguzi anao. Alichokosa ni maarifa ya kuutumia, na uchaguzi bila maarifa ni bahati nasibu.

Wasomi wengi hudhani kwamba mkataba wa simu ni jambo la Ulaya, ambako mteja hutia sahihi kujifunga kwa miezi 24. Sisi, husema, tunajaza muda wa maongezi kwanza kisha tunapiga, na hivyo hatuna mkataba na yeyote. Dhana hiyo haina msingi. Kila mara mtu anapobonyeza 1 kukubali kifurushi, kila anapokopa muda wa maongezi, kila anapolipa arubuni ya simu dukani, amefunga mkataba. Kidole chake kimetia sahihi, hata kama hakuna wino uliomwagika.

Mkataba ulio mzito zaidi kwa sasa ni ule wa kuchukua simu na kuilipia kwa awamu. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja angelipa arubuni ya shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kila siku. Kampuni nyingine nazo zina mipango ya namna hiyo. Sitaki kuibeza mipango hii. Mchumaji wa miraa anayelipwa kwa siku hawezi kutoa shilingi 10,000 kwa mkupuo, na kwake shilingi chache za kila jioni ndizo zilizomfungulia mlango wa mtandao. Mkopeshaji naye anabeba hatari, kwani wako watakaotoweka na simu zake. Ni haki apate faida.

Lakini haki hiyo ina mipaka, na mipaka yake huonekana kwa hesabu. Hebu tuchukue mfano wa kubuni ambao mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuufanya ubaoni. Simu inauzwa shilingi 10,000 taslimu. Kwa awamu, mnunuzi anatoa arubuni ya shilingi 2,000, kisha shilingi 40 kwa siku kwa siku 365. Arobaini mara 365 ni 14,600. Ukiongeza arubuni, jumla ni shilingi 16,600. Nyongeza ni shilingi 6,600. Muuzaji atasema hiyo ni asilimia 66 ya bei, lakini hesabu yake ina kasoro. Arubuni haikuwa deni. Kilichokopwa hasa ni shilingi 8,000, na nyongeza ya 6,600 juu ya 8,000 ni zaidi ya asilimia 82. Isitoshe, deni hilo linapungua kila jioni, kwa hivyo kwa wastani mnunuzi alikuwa na kiasi cha nusu yake tu mkononi. Mzigo halisi ni mkubwa zaidi ya hata hiyo asilimia 82.

Sasa linganisha. Iwapo mwalimu angekopa shilingi 8,000 hizo hizo kutoka chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, akalipa kwa miezi 12, riba yote ingekuwa shilingi 520. Tofauti kati ya 520 na 6,600 ni karo, ni vitabu, ni mbolea. Hata hivyo mwalimu huyo aliyeingia dukani hakuambiwa neno "riba" hata mara moja. Aliambiwa "arobaini tu kwa siku".

Neno "tu" ni dogo, lakini katika tangazo hilo ndilo linalofanya kazi kubwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na muuzaji anatumainia tusahau kwamba kibaba kinachojaa ni chake. Wakasema pia chururu si ndo ndo ndo: kinachomwagika kwa mfululizo hakilingani na kinachodondoka. Lakini matone 365 hujaza pipa.

Jambo la pili analopaswa mnunuzi kulijua ni yatakayompata asipolipa. Simu nyingi za awamu zina programu inayozifunga malipo yakichelewa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule kwetu Tigania alinieleza jinsi simu yake ilivyofungwa katika wiki ambayo alitakiwa kuingiza alama za tathmini za wanafunzi wake katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Malipo yake yalikuwa yamechelewa siku mbili kwa sababu mshahara ulikuwa umechelewa. Kampuni aliyonunua kwayo sitaitaja, maana tatizo si la kampuni moja. Nilimwuliza kama mkataba ulisema simu ingefungwa. Akanijibu kwamba bila shaka ulisema, lakini yeye aliambiwa na wakala kwa mdomo kwamba "itasumbua kidogo". Nilipousoma mkataba huo, niliikuta ibara yenyewe. Ilikuwa sentensi moja ya Kiingereza yenye vishazi tegemezi vitano, na kitenzi kikuu kilikuja mwishoni kama mgeni aliyechelewa harusini.

Mwalimu huyo si mjinga. Amefundisha kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kama yeye alishindwa, itakuwaje kwa mama anayeuza ndizi na ambaye lugha zake ni Kitigania na Kiswahili?

Hapa niruhusiwe kusema kama mwanaisimu. Wanafunzi wetu wa shule za sekondari husoma sajili katika isimujamii, nao hufundishwa kuitambua sajili ya matangazo ya biashara na ile ya sheria. Katika biashara ya simu sajili hizi mbili zimegawana kazi kwa namna ya ajabu. Sajili ya tangazo inazungumza kama ndugu: inakuita rafiki, inakutunuku, inakuokoa. Sajili ya mkataba inazungumza kama karani wa mahakama: inakutaja kama mhusika, inakupa wajibu, inajiondolea lawama. Ya kwanza husemwa kwa Kiswahili na kwa sauti ya juu. Ya pili huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Mnunuzi anaingia kwa mlango wa ndugu na kutokea kwa mlango wa karani.

Kiungo kati ya sajili hizi mbili ni ile sentensi tunayoisikia redioni kila siku, ikisomwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Naomba walimu wa Kiswahili waiandike ubaoni na kuichanganua. "Kuzingatiwa" ni kitenzi-jina kilicho katika kauli ya kutendwa. Mtendaji hayupo. Wakati haupo. Nani atakayezingatia? Atazingatia vigezo gani, vilivyoandikwa wapi? Sentensi hiyo haimwelezi msikilizaji lolote ila kwamba liko jambo ambalo hakuelezwa. Kisarufi ina kasoro, lakini kibiashara imekamilika.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno zuri kwa biashara ya mkopo. Waliiita mali kauli. Mfanyabiashara alipewa bidhaa, akaenda kuziuza, akarudi kulipa, na dhamana ilikuwa neno lake. Sisemi kwamba mpango huo haukuwa na udhalimu, la hasha. Ninachosema ni kwamba jina lenyewe linakiri ukweli mmoja: mkopo umesimama juu ya kauli, na kauli haiwi kauli mpaka pande zote mbili ziielewe.

Sheria yetu haijanyamaza. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Tunayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayomtaka anayekusanya habari zako akueleze anazitakia nini. Naomba tuziunganishe ibara hizo mbili za Katiba. Habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mpokeaji si habari, ni kelele tu. Ikiwa basi mnunuzi ana haki ya kupata habari, na ikiwa Kiswahili ni lugha rasmi, sioni hoja ya kumnyima mkataba wa Kiswahili anapouomba.

Nchi nyingine zimekwisha kuligundua jambo hili kwa njia yao. Nchini Uingereza kampuni za simu zilikuwa zikiweka katika mikataba sharti kwamba bei ingepanda kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, pamoja na asilimia fulani juu yake. Maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, na wanunuzi walikuwa Waingereza, lakini walio wengi hawakuweza kujua wangelipa nini mwaka wa pili. Msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, aliamuru kwamba tangu tarehe 17 Januari 2025, katika mikataba mipya, nyongeza yoyote itajwe waziwazi kwa pauni na peni. Funzo ni kwamba hata lugha ya mama yaweza kugeuzwa pazia. Tafsiri pekee haitoshi. Kinachotakiwa ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kiwe chepesi na kitaje shilingi.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo ya sheria na mitambo. Pingamizi hili lilikuwa dhaifu zamani, na leo halina miguu kabisa. Jirani zetu Watanzania huzungumzia vifurushi, salio na muda wa maongezi bila kuhangaika, na mwaka 2021 nchi hiyo ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wako pia wasemao kwamba tafsiri ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini kampuni iliyoweza kumlipa mtunzi wa matangazo ili apate neno tamu la Kiswahili la kuuzia haiwezi kudai imekosa fedha za kumlipa mfasiri wa masharti.

Tukingoja hayo, mnunuzi wa Muthara afanye nini? Kwanza, asiulize bei ya siku, aulize jumla: arubuni, pamoja na malipo yote, hadi simu iwe yake. Kisha aulize bei ya taslimu na kutoa. Pili, aulize simu itafungwa baada ya siku ngapi za kuchelewa, na kama arubuni hurudishwa. Asikubali jibu la mdomo pekee, aonyeshwe mahali lilipoandikwa.

Tatu, kuhusu vifurushi vya data, apime alichotumia, si alichouziwa. Kifurushi kikubwa cha shilingi 20 kinachokufa baada ya saa moja chaweza kuwa ghali kuliko kidogo kisichoisha muda, iwapo sehemu kubwa ya kile cha kwanza hupotea kabla ya kutumiwa. Ikumbukwe kwamba vifurushi visivyoisha muda vilianza kuuzwa na Safaricom mnamo Oktoba 2019, mwaka ule ule ambao wakili mmoja alikuwa ameyapeleka malalamiko ya vifurushi vinavyokufa mbele ya baraza la rufani la mawasiliano. Malalamiko ya raia si kupigia mbuzi gitaa.

Nne, awafikirie anaowapigia. Kampuni inapopokea simu kutoka mtandao mwingine hulipwa ada na mtandao huo. Ada hiyo imeshushwa mara nyingi: Julai 2010 ilitoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Machi 2024 ikafika senti 41. Ile hofu ya zamani ya kupiga simu nje ya mtandao wako, basi, haina uzito uliokuwa nao, ingawa vifurushi vingi bado hupendelea simu za ndani. Tano, asiuchague mtandao kwa matangazo ya Nairobi. Miteremko ya Nyambene haina huruma kwa mawimbi, na mtandao wa bei nafuu usioshika nyuma ya nyumba yako si nafuu hata kidogo. Aazime laini ya jirani, aijaribu kwanza.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja zaidi. Tumezoea kuwapa wanafunzi vifungu vya ufahamu kuhusu mandhari na maadili, na uandishi wa kiuamilifu kuhusu barua na kumbukumbu za mikutano. Hebu siku moja tuingie darasani na masharti halisi ya mkopo wa simu. Wanafunzi wayafupishe kwa maneno 80 ya Kiswahili ambayo nyanya zao watayaelewa. Mwalimu wa hisabati aitwe ahesabu jumla pamoja nao. Miezi michache baadaye baadhi ya vijana hao watakuwa vyuoni, na fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu zitaingia katika simu zao, na siku iyo hiyo mawakala watawangoja langoni. Somo hilo moja litawafaa kuliko orodha ndefu ya methali za kukariri, nami nasema hivyo nikiwa mpenzi wa methali.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano ombi langu ni fupi. Iagize kwamba kila huduma inayouzwa kwa jina la Kiswahili iwe na masharti ya Kiswahili, na kwamba kila simu inayouzwa kwa awamu ibandikwe nambari tatu kwa herufi kubwa: bei ya taslimu, jumla ya awamu, na tofauti kati yake. Maduka hayatafungwa kwa ajili hiyo. Muuzaji mwaminifu hatapoteza mteja, na asiye mwaminifu atapoteza pale tu alipostahili kupoteza.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema waliotutangulia. Matanga yatakuwapo, kwani deni ni deni na dawa yake ni kulipa. Lakini mtu ana haki ya kuijua siku ya matanga kabla hajaicheza ngoma ya harusi, na ana haki ya kuelezwa siku hiyo kwa lugha ile ile aliyoalikiwa nayo.